Unyevu, Vumbi na Moshi wa Udi: Vichocheo vya Mzio Vilivyojificha Majumbani

Masika yanapoingia, kikohozi cha usiku huwa jambo la kawaida katika nyumba nyingi za Unguja. Mtoto hulala mzima, na saa nane za usiku huamka akikohoa kikohozi kikavu, kifua kikitoa mlio mwembamba kama wa filimbi. Kukicha huwa amepata nafuu na huenda skuli. Wazee husema ni baridi. Hupakwa mafuta ya karafuu kifuani, hununuliwa dawa ya kikohozi dukani, na pengine hupewa vidonge vya antibiotiki vilivyobaki alipougua nduguye. Wiki ya pili hali hurejea vilevile.

Si kila kikohozi ni mafua. Kikohozi kinachorudi usiku baada ya usiku, chafya za asubuhi zinazokuja kwa mfululizo, pua inayotiririka maji maangavu bila ya homa, macho yanayowasha, na ngozi inayokauka na kupasuka kwenye mikunjo ya viwiko na magoti, ni dalili zinazoelekeza kwenye mzio, ambao wengi huuita aleji. Kwa mwenye pumu, mzio huweza kuyaamsha maradhi yenyewe. Nayo pumu si maradhi ya kupuuzwa. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu milioni 262 duniani walikuwa na pumu mwaka 2019, na watu 455,000 walifariki kwa sababu yake katika mwaka huo. Wengi wa waliofariki walikuwa katika nchi za kipato cha chini na zile zinazoikaribia, ambako ugonjwa huchelewa kutambuliwa au hautibiwi ipasavyo.

Dawa ina nafasi yake, na itaelezwa. Lakini dawa hushindwa kazi pale kinachomdhuru mgonjwa kinapokuwa chumbani mwake kila siku, tena mahali ambapo mwenye nyumba hapatilii shaka hata kidogo: ukuta uliopigwa lipu mpya, mto wa sufi, chetezo cha udi, au dawa ya mbu inayowashwa kila magharibi.

Mzio hutokea pale kinga ya mwili inapokosea. Kitu kisichomdhuru mtu mwingine, kama vumbi la kitandani, huchukuliwa kuwa ni adui, na kila kinapoingia mwili hutoa kemikali zinazovimbisha utando wa pua, wa macho au wa njia za hewa. Moshi, manukato makali na mvuke wa dawa za kusafishia hufanya kazi kwa njia nyingine. Hivyo humwasha mtu yeyote, ila aliyekwisha kuvimba njia za hewa humuumiza zaidi, kama ndimu inavyouma kwenye kidonda. Ndiyo sababu nyumba moja inaweza kuwa na watu wanane akaumwa mmoja tu, na ndiyo sababu huyo mmoja mara nyingi huambiwa anadeka.

Ukuta wa mawe na lipu ya saruji

Nyumba za Mji Mkongwe, nyingi zikiwa za karne ya 19, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa na udongo, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi, nalo hunywa maji. Maji hupanda kutoka ardhini, huteremka kutoka kwenye paa bovu, au huingia kutoka kwenye mchirizi uliooza na bomba lililofukiwa ukutani. Mafundi wa zamani walilijua hilo. Lipu ya chokaa huuacha ukuta utoe nje kile ulichokunywa; jua likiwaka, maji hutoka kama mvuke, na ukuta hukauka wenyewe.

Saruji haifanyi hivyo. Fundi akiipiga juu ya ukuta wa mawe, unyevu hukosa pa kutokea. Hupanda juu zaidi, au hutafuta upande wa pili, ambao ndio chumbani. Rangi ya mafuta huleta matokeo hayo hayo. Baada ya masika moja au mawili lipu huanza kuvimba, chumvi nyeupe hutoka kama unga, na nyuma ya kabati huota madoa meusi yenye harufu ya uvundo. Madoa hayo ni kuvu. Kuvu huzaana kwa kurusha hewani mbegu ndogo mno zisizoonekana kwa macho, na mbegu hizo ndizo anazozivuta aliyelaza kichwa karibu na ukuta. Inasikitisha kwamba familia nyingi hutumia fedha za saruji kwa nia hasa ya kuumaliza unyevu.

Kusugua doa la kuvu bila ya kuziba maji yanakotoka ni kazi ya bure, kwani doa litarudi kabla ya mwezi kwisha. Kwanza hutazamwa paa, michirizi na mabomba. Kisha kabati na kitanda husogezwa kiasi cha shubiri moja kutoka ukutani ili hewa ipite, na madirisha hufunguliwa mchana wakati jua ni kali. Doa lenyewe huoshwa kwa maji na sabuni, mwoshaji akiwa amefunika pua na mdomo, na mwenye pumu akiwa nje ya chumba. Ukuta ukishakauka, chokaa ya kupaka, ile ile iliyotumiwa na wazee, ni rahisi kwa bei na haipendwi na kuvu kwa sababu ya ukali wake. Miezi ya kaskazi, Disemba hadi Februari, ndiyo mizuri kwa kazi hii. Anayengoja hadi Aprili amechelewa.

Mwenye nyumba iliyomo ndani ya Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, anapaswa kupata kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kabla ya kuanza matengenezo, na hapo ndipo pa kuuliza habari ya lipu inayofaa. Mpangaji yuko katika hali ngumu zaidi, kwa kuwa paa si lake. Aliyepanga, iwe kwa mtu binafsi, kwenye nyumba ya Wakf au ya Shirika la Nyumba, ni vyema aripoti uvujaji kwa maandishi na abakishe nakala. Ikiwa yumo mgonjwa wa pumu ndani, jambo hilo litajwe katika barua.

Nje ya Mji Mkongwe nyumba nyingi ni za matofali ya saruji, na huko unyevu hutoka ndani zaidi kuliko ukutani: mvuke wa chungu, maji ya kukogea, kanga zinazoanikwa chumbani usiku, na madirisha yanayofungwa kutwa ili kiyoyozi kifanye kazi. Kiyoyozi chenyewe hukausha hewa, jambo ambalo ni jema, lakini chujio lake lisipooshwa hurudisha vumbi na kuvu chumbani. Katika vijiji vya pwani ya mashariki, kama Paje na Jambiani, magunia ya mwani yakiwekwa chumbani kungoja mnunuzi huvuta unyevu kwa sababu ya chumvi yake. Magunia hayo yakae ukumbini au bandani.

Kitandani

Kichocheo kikubwa kuliko vyote huenda ni kile kisichoonekana kabisa. Ndani ya magodoro, mito, mazulia na makochi huishi vijidudu vya jamii ya utitiri, urefu wake ukiwa kama theluthi moja ya milimita. Haviumi na havileti maradhi ya kuambukiza. Chakula chao ni magamba ya ngozi ambayo kila mtu huyapukutisha, na maji yao huyafyonza hewani. Hewa ikiwa kavu, chini ya nusu ya unyevu inaoweza kubeba, vijidudu hivi hufa. Unguja, ambako unyevu wa hewa hupita asilimia 70 karibu mwaka mzima, ni makao mazuri kwao. Kinacholeta mzio hasa ni kinyesi chao, ambacho hupanda hewani kila mtu anapojigeuza kitandani. Kwa hiyo kikohozi huja usiku, na chafya huja alfajiri.

Watu wengi huuliza ni godoro gani lisilo na madhara. Jibu halipendezi: godoro la makumbi, godoro la sufi na godoro la sponji yote huhifadhi vijidudu hivi, na mto wa sufi uliorithiwa kwa bibi una miaka mingi ya vumbi ndani yake. Kinachotofautisha ni namna ya kulitunza. Desturi ya zamani ya kuanika godoro juani, ambayo imeanza kupotea katika nyumba za ghorofa, ina msingi wa kweli, kwani jua kali huvikausha vijidudu na kuviua. Hata hivyo kinyesi hubaki. Baada ya kuanika, godoro lipigwe fimbo likiwa bado nje, na mpigaji asiwe mgonjwa mwenyewe. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto wa nyuzi 60, yaani yale ambayo mkono hauwezi kuyavumilia. Mto wa mtoto mwenye pumu ni bora uwe unaofulika wote, na ubadilishwe unapochakaa. Wenye uwezo wanaweza kulivika godoro foronya ya plastiki yenye zipu.

Chandarua nacho hukusanya vumbi, lakini hakuna sababu ya kukiondoa. Vyandarua vyenye dawa ni miongoni mwa mambo yaliyoishusha malaria Zanzibar. Kifuliwe taratibu kwa maji ya baridi na sabuni ya kawaida, kila baada ya miezi mitatu, bila ya jiki. Kianikwe kivulini, kwa sababu jua huidhoofisha dawa yake. Godoro juani, chandarua kivulini: wengi hufanya kinyume.

Mende na paka

Mende hujulikana kwa uchafu, lakini si wengi wanaojua kuwa mate, kinyesi na maganda yake makavu ni miongoni mwa vichocheo vikali vya pumu kwa watoto wa mijini. Mende hutaka maji kuliko chakula. Beseni la vyombo lililoachwa na maji usiku, tundu la bomba lisilozibwa na karo lisilofunikwa vizuri humpa yote anayoyataka. Kupuliza dawa chumbani huku mtoto akiwa ndani hubadilisha kichocheo kimoja kwa kingine. Ni afadhali kuzibwa matundu, kukaushwa jikoni kabla ya kulala, na kutumiwa dawa ya chambo inayowekwa pembeni mbali na watoto. Taka zitolewe siku ya kuzolewa, si usiku wa kuamkia siku nyingine, na karo linalofurika liripotiwe kwa sheha ili lifikishwe Barazani, maana mende wa uchochoroni hawajui mpaka wa nyumba.

Paka wa Mji Mkongwe wana wapenzi wengi na hapa hawashitakiwi. Ila mate na magamba ya ngozi ya paka, ambayo hushika manyoya na kuenea, hukaa kwenye makochi na mazulia kwa miezi hata baada ya paka kuhamishwa. Aliyemtoa paka kwa wiki moja akaona hakuna nafuu hajathibitisha kitu.

Moshi wenye harufu nzuri

Hapa ndipo pagumu. Nyumba ya Unguja isiyo na udi wala ubani ni vigumu kuifikiria: chetezo hupitishwa Alhamisi jioni, hufukiziwa nguo za arusi, hutumika kwa mzazi na mtoto wake ndani ya siku arubaini, na hukaribisha wageni. Udi hupendwa, na kwa wengi haudhuru kwa kiasi cha kuonekana. Kwa mwenye pumu mambo ni mengine.

Oman, nchi ambayo familia nyingi za Zanzibar zina jamaa zao na ambako ufukizaji ni desturi ya kila nyumba, watafiti waliliangalia suala hili kwa watoto wa skuli 2,441 na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Miongoni mwa watoto wenye pumu, asilimia 38 walizidiwa na mlio wa kifua kwa sababu ya bukhuri. Katika orodha ya vichocheo bukhuri ilishika nafasi ya nne, baada ya vumbi, hali ya hewa na maambukizi ya njia za hewa. Utafiti huo huo haukuona kwamba ufukizaji ndio unaozaa pumu. Matokeo hayo mawili yasomwe pamoja. Udi haulaumiwi kwa kumpa mtoto maradhi, bali kwa kuyaamsha kwa aliyekwisha kuwa nayo.

Kwa hiyo si lazima chetezo kivunjwe. Kifukizwe ukumbini au uani, dirisha na mlango vikiwa wazi, mgonjwa akiwa upande mwingine wa nyumba, naye asirejee mpaka moshi umetoka. Nguo zilizofukizwa zitundikwe penye hewa kabla ya kuvaliwa karibu na mtoto. Kichanga kisifukizwe moja kwa moja, na hasa kisifungiwe chumbani na chetezo, kwa sababu makaa yanayowaka chumbani bila ya hewa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua mtu mzima. Asumini na vikuba vilivyojaa chumbani usiku navyo vinaweza kumbana mtu kifua, ingawa kwa kawaida kutoa ua nje hutosha.

Dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya mzunguko, haitetewi na desturi yoyote, lakini huwaka usiku kucha chini ya vitanda vya watoto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003, uliopima dawa za aina hiyo kutoka China na Malaysia, ulionyesha kwamba mzunguko mmoja unapokwisha kuwaka huwa umetoa chembechembe laini za moshi sawa na sigara 75 hadi 137. Mzazi anayemfukuza mvuta sigara chumbani akamwachia mtoto mzunguko wa dawa ya mbu hajapunguza moshi. Chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro na nyavu za madirishani hufanya kazi ile ile bila ya moshi. Jiko la makaa au kuni, kwa anayelitumia, liwashwe nje na lisiingizwe ndani mpaka moshi wa kwanza umekwisha. Na mtoto mwenye pumu asitumwe kulipepea.

Jiki na dawa za chooni hubana kifua pia, hata kwa mtu mzima asiye na pumu, zikitumiwa katika choo kisicho na dirisha. Jiki isichanganywe kamwe na dawa ya chooni yenye asidi, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini.

Kukijua kichocheo cha mgonjwa mwenyewe

Hakuna familia inayoweza kubadilisha yote haya kwa mara moja, wala haihitajiki. Mgonjwa mmoja huumizwa na vumbi la kitandani na asijali paka. Mwengine huwa kinyume chake. Njia isiyo na gharama ni daftari. Kwa muda wa wiki nne huandikwa kila siku ni saa ngapi dalili zilianza, mgonjwa alikuwa chumba gani, nini kilichomwa, kilichosafishwa au kilichofagiliwa, na kama mvua ilinyesha. Anayekohoa usiku tu aanze na kitanda. Anayepata nafuu kila anapolala kwa shangazi yake Makunduchi na kuumwa kila anaporudi nyumbani, ukuta na godoro la nyumbani ndivyo vya kuchunguzwa kwanza. Daftari hilo lipelekwe kituo cha afya, ambako humsaidia daktari kuliko maelezo ya dakika tano.

Huko kituoni ndiko pia kwa kuondolewa khofu kuhusu pampu ya kuvuta. Imeenea fikra kwamba pampu humlemaza mgonjwa akashindwa kuishi bila yake, na wapo wazazi wanaoificha mpaka mtoto azidiwe. Pampu hazina ulevi. Ziko za namna mbili: ya kufungua kifua wakati wa shida, na ya kuzuia uvimbe wa njia za hewa, ambayo huvutwa kila siku hata mgonjwa akiwa mzima. Anayetumia ya kwanza tu, tena mara kwa mara, huwa anaondoa dalili huku uvimbe ukiendelea, na anapaswa kumwona daktari mapema. Mtoto mdogo asiyeweza kuvuta pampu moja kwa moja huvutia kupitia chombo maalumu. Chombo hicho kikikosekana, chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa tundu la kutosha mdomo wa pampu hufaa, na mhudumu wa afya anaweza kumwonyesha mzazi namna ya kuitengeneza.

Zipo dalili ambazo hazingojei asubuhi, wala daftari, wala ushauri wa jirani: mgonjwa anashindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, ngozi ya katikati ya mbavu inazama kila anapovuta hewa, midomo au kucha zinageuka rangi ya kibuluu, anasinzia au kuchanganyikiwa, au pampu haimsaidii tena. Huyo aketishwe wima, asilazwe, apewe pampu yake ya kufungua kifua huku usafiri ukitafutwa, na apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.